Kadi ya Medicaid na Swali la Tatu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa familia za Wakongo waliopewa hifadhi katika jimbo la Kentucky, Marekani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwatafutia miadi kwa njia ya simu. Mpokezi huuliza jina la mgonjwa, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha bima. Nikishataja Medicaid, mara nyingi tunaambiwa kwamba daktari hapokei wagonjwa wapya kwa sasa.

Zamani nilidhani ni dharau tu, lakini siku hizi naiona na hesabu yake. Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini iliyoanzishwa mwaka 1965, hugharimiwa na serikali kuu pamoja na majimbo, na kila jimbo hujipangia malipo ya daktari, ambayo kwa kawaida huwa chini ya yale ya Medicare, bima ya wazee. Daktari akishayapokea, haruhusiwi kumdai mgonjwa fedha zilizopungua. Sharti hilo ni la haki, na nisingependa liondolewe, ila daktari asiyeweza kuongeza bei hupunguza wagonjwa.

Watafiti waliopiga simu kwenye kliniki za Cook County, Illinois, wakijifanya wazazi wa watoto wagonjwa, walichapisha matokeo yao mwaka 2011: wenye bima ya umma walinyimwa miadi ya daktari bingwa katika asilimia 66 ya simu, na wenye bima binafsi katika asilimia 11. Kliniki zilikuwa zilezile, na ugonjwa uleule.

Mwaka 2013 na 2014, sheria ya afya ya Obama ilipandisha malipo ya huduma za msingi hadi kiwango cha Medicare. Simu za namna hiyo zilipopigwa katika majimbo 10, waliopata miadi kwa Medicaid waliongezeka kutoka asilimia 58.7 hadi 66.4. Kisha fedha za nyongeza kutoka serikali kuu zikakoma.

Vipo vituo vya afya vya jamii, ambavyo Medicaid huvilipa kwa kila hudhurio kiwango kinachokaribiana na gharama zao, na ndiko ninakoanzia kupiga simu. Mtoto mwenye kikohozi hupata nafasi huko. Anayehitaji bingwa wa ngozi huandikiwa rufaa, nami narudi kwenye simu, kwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na bima.