Zamu ya usiku ya Jonathan Pine

Nimeimaliza tena The Night Manager, ile ya mwaka 2016, sehemu zote sita, na safari hii riwaya ya John le Carré ya mwaka 1993 nilikuwa nayo mkononi. Nataka niseme yaliyonikaa moyoni, kwa sababu kila anayeizungumza tamthilia hii huanza na uzuri wa Tom Hiddleston, anayemuigiza Pine, na akaishia hapo hapo. Mimi kazi yangu ni mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja ya Shangani, Zanzibar. Kwangu hii ni hadithi ya kazi yangu kwanza, ujasusi baadaye. Nitaeleza mpaka mwisho wake, basi ambaye hajaiona na anataka kuiona mwenyewe, aiangalie kwanza ndipo arudi.

Jonathan Pine ni askari wa zamani wa jeshi la Uingereza. Tunamkuta Cairo, Januari 2011, ni meneja wa usiku wa hoteli ya Nefertiti, na mabarabara yamejaa watu wanaotaka Mubarak aondoke. Bibi mmoja, Sophie Alekan, hawara wa kijana wa familia kubwa ya pale aitwaye Freddie Hamid, anamletea karatasi. Ndani yake mna orodha ya silaha, na muuzaji ni tajiri wa Kiingereza, Richard Roper. Pine anazitoa kopi, anazisoma, anazifikisha kwa rafiki yake ubalozini. Habari inafika London, na kutoka London inamfikia Roper mwenyewe. Sophie anauawa. Miaka minne baadaye Pine yuko hoteli nyengine, Zermatt huko Uswisi, kwenye theluji, na Roper anakuja na watu wake kulala. Pine anampokea kwa adabu ile ile anayompokelea mgeni yeyote.

Mtu asiyefanya kazi hii huenda asione uzito wa ile adabu. Kule Cairo milipuko inasikika nje, wageni wameshuka na masanduku yao, kila mmoja anataka gari ya kumpeleka kiwanja cha ndege, na Pine hapandishi sauti. Nimesimama mahali hapo mimi. Upepo ukichafuka boti zikazuiliwa, na wageni wana ndege Dar asubuhi, watu wazima wenye heshima zao huigonga kaunta kwa ngumi kama kwamba bahari ni yangu. Huna la kuwapa ila sauti yako. Ukiipandisha, ukumbi wote unapanda nawe. Hiddleston amelishika hilo vizuri sana: mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, uso hausemi kitu. Roper anampenda kwa uso huo huo, akidhani ni uso wa mtumishi tu.

Halafu kuna saa zile baada ya saa sita ya usiku, ambapo kaunta inakuwa yako peke yako. Askari yuko mlangoni, mapapasi wanaowaandama watalii wameshakwenda zao, umebaki wewe na buku la zamu. Hapo ndipo mgeni hushuka na jambo ambalo mchana hakulisema. Huyu anataka bili iandikwe jina jengine. Yule anauliza mkewe akipiga simu tutamjibu nini. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kunipa bahasha niiweke kwenye sefu, akaniambia nisimpe mtu yeyote, hata aliyelala naye chumba kimoja. Niliiandika kwenye buku, nikatia saini, naye akatia yake. Asubuhi alipoichukua, aliipitisha kidole gumba pale penye gundi, taratibu, mwisho mpaka mwisho, kuhakikisha haijabanduliwa. Haikubanduliwa. Aliondoka bila ya neno na mimi sikumuuliza.

Ndiyo maana kile kisa cha kopi kilinishika roho. Mtazamaji wa kawaida anamuona Pine shujaa: kaona orodha ya silaha, kaipeleka kwa wakubwa. Lakini Sophie alimwamini mtu wa kaunta, hakumwamini mtu wa ubalozi. Le Carré, ambaye jina lake khasa ni David Cornwell na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa jasusi, alijua kwamba jambo jema linaweza kufanywa kwa kuvunja amana, na aliyevunja akabaki nalo maisha. Kitabu kinalibeba hili kwa uzito zaidi. Hakianzi Cairo. Kinaanza Zurich, Januari 1991, usiku wa theluji, vita vya Ghuba vimeanza, Pine anamsubiri Roper afike, na Sophie anamrudia kichwani kipande kipande huku yeye akiendelea kupanga mambo ya wageni. Tamthilia imevinyoosha visa kwa mpangilio wa tarehe, na nafahamu sababu, kwa sababu mtazamaji lazima ampende Sophie kabla hajafa. Hata hivyo, yale mateso ya mtu kufanya kazi yake vizuri huku moyoni anajiona muuaji yamepungua.

Sasa nije kwa Burr, yule anayemtuma Pine ajipenyeze kwa Roper kama jasusi. Hapa tamthilia imekishinda kitabu, nami nalisema bila kusita.

Kitabuni ni Leonard Burr, mwanamme, mpelelezi mkaidi mwenye ofisi ndogo anayepigana na Roper upande mmoja na wakubwa wa ujasusi wa nchi yake upande wa pili. Kwenye tamthilia amekuwa Angela Burr, na ni mja mzito. Olivia Colman alikuwa na mimba kweli walipokuwa wakipiga picha, na badala ya kuificha, wameitia ndani ya hadithi. Nilipomuona akipanda ngazi na tumbo lile nililia, nasema kweli. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimbeba nikiwa zamu za usiku. Hoteli niliyokuwa wakati huo waliniondoa mbele wakanitia kwenye chumba cha mashuka, kwa maneno kwamba mgeni hapendezwi akifika usiku akapokewa na mwanamke mwenye tumbo. Nilikunja mashuka mpaka mimba ikafika mwezi wa nane. Basi ukimuona Angela Burr anakaa mbele ya wanaume waliovaa suti nzuri kuliko yake, wanamkata maneno, naye anavuta pumzi na kuendelea pale pale alipokatwa, unajua mtu aliyeandika hayo na aliyeyaigiza wamekaa na wanawake wa kweli.

Na kuna pale anapoeleza, bila ya kupandisha sauti, aliyoyaona Iraq: watoto wa skuli waliouliwa kwa gesi. Roper naye aliyaona hayo hayo, na yeye akaona biashara. Hakuna muziki mkubwa, hakuna picha za maiti, ni uso wa Colman tu. Tokea hapo unamchukia Roper kwa aliyoyafanya, si kwa sababu hadithi imekutaka umchukie. Hugh Laurie amemfanya Roper mtu wa kupendeza, mcheshi, baba mwema kwa mwanawe, na bila ya maneno ya Burr mtu angeweza kumsamehe.

Mambo mengine yaliyobadilishwa sina ugomvi nayo. Roper wa kitabuni ana kisiwa Bahamas na anabadilishana silaha kwa kokeini na watu wa Colombia. Wa tamthilia anakaa Mallorca na silaha zake zinakwenda Mashariki ya Kati. Ulimwengu umehama na hadithi imehama nao. Le Carré mwenyewe aliridhia, kampuni ya wanawe, The Ink Factory, ndiyo iliyotengeneza, na kuna sekunde chache yeye mzee anaonekana amekaa mkahawani akitukanwa na Corcoran, msaidizi wa Roper, aliyelewa.

Kuna na ile ya Kihindi, ya mwaka 2023, na hii niliiangalia na mamkwe wangu, ambaye ujana wake wote aliupitisha kwenye filamu za Kihindi na hahitaji tafsiri. Anil Kapoor ndiye tajiri, Aditya Roy Kapur ndiye meneja wa usiku, na mwanzo wake ni Dhaka. Imetengenezwa kwa mapenzi, na Tillotama Shome aliye mahali pa Burr, naye na tumbo lake, ni mzuri mno. Lakini mahali pa Sophie wamemtia msichana wa miaka 14 aliyeozwa kwa nguvu. Mamkwe alifuta machozi, akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ana kosa gani?" Ndilo tatizo langu. Mtoto hana kosa wala hana uchaguzi. Unamhurumia na basi. Sophie wa Cairo ni mtu mzima aliyejua hatari, akapima, akachagua nani wa kumpa siri. Ukimwondoa yeye umemwondolea Pine deni lake.

Limebaki la mwisho, ambalo limetugawa nyumbani. Tamthilia inarudi Cairo, hoteli ile ile. Malori ya silaha yanaripuliwa, pesa zinapotea, na Roper anaishia mikononi mwa wale wale aliowauzia na kushindwa kuwapa mali yao. Mume wangu anaona hivyo ndivyo, dhalimu aone kwa macho yake, na anasema baraza zima pale Jaws Corner liko pamoja naye. Kitabu hakifanyi hivyo. Pine anagunduliwa, anateswa ndani ya jahazi la kifahari la Roper, na Burr anamwokoa yeye na Jed, hawara wa Roper aliyependana na Pine, kwa kumtisha mshirika mmoja wa Roper kwa ushahidi ambao mkononi hana. Wapenzi wawili wanatoka wazima. Roper na shehena yake anaendelea na safari.

Mimi niko na kitabu. Mume wangu anasema ni uchungu bure, nami nimemjibu kwamba uchungu ule ndio uliomfanya le Carré akae kuandika. Kitabuni, Rex Goodhew, mtumishi mwadilifu wa serikali, anashindwa na wenziwe ndani ya maofisi ya London, kwa mafaili na vikao, na ukimaliza kusoma unajua Roper amepona kwa sababu watu wale walimhitaji apone. Tamthilia inao watu hao pia, lakini sehemu ya sita ina haraka. Mripuko unakuwa mkubwa, nawe unasahau kuuliza ni nani kule London aliyelitoa jina la Sophie.

Sasa umetoka msimu wa pili ambao hauna riwaya nyuma yake, wameuandika wenyewe. Nitauangalia, kwa ajili ya Burr. Lakini anayeniuliza aanze wapi, namwambia aangalie zile sita za mwanzo, halafu atafute kitabu asome robo ya mwisho, kuanzia pale Pine anapogunduliwa. Nakala yangu iko kwenye droo ya kaunta, chini ya buku la zamu, na wenzangu wa mchana wameshaanza kuigombania.