Kibao cha Machungwa

Machi ile tuliingia katika duka moja kubwa la Kisumu kukagua lebo za matunda yanayotoka nje. Juu ya rundo la machungwa palikuwa na kibao kilichoandikwa Afrika Kusini. Nikaingiwa na shaka papo hapo: machungwa ya Afrika Kusini huvunwa kuanzia Mei hivi hadi Oktoba. Mwezi Machi walio kwenye mavuno ni Wamisri.

Msimu hutia shaka tu, hauthibitishi. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Chungwa la Makueni au la Muheza hubaki kijani hata likiiva, kwa kuwa usiku wa joto hauachi ukijani wa ganda upotee, ila likiwekwa kwenye gesi ya ethilini hugeuka. Tukaiacha rafu, tukaomba kufunguliwa stoo.

Ukaguzi wa aina hii lazima uanzie stoo. Nchi ya asili imechapishwa ubavuni mwa katoni, pamoja na aina ya tunda, daraja, saizi, uzito na mpakiaji. Katoni ikishatupwa, habari hiyo imekwenda nayo. Tulizikuta katoni za kilo 15, zote za Misri, na hati ya kupokelea mzigo ilisema vivyo hivyo. Hati ni lazima uione, kwa sababu katoni kuukuu hujazwa tena matunda mengine. Katoni yenye utepe wa gundi juu ya utepe mwingine usiiamini peke yake.

Mtunza stoo akauliza, "Madam, kwani stika kwenye tunda haitoshi?"

Haitoshi, na swali lake ndilo wengi wanalokosea. Namba ya tarakimu nne kwenye stika hutaja aina na saizi: 4017 ni tufaha kubwa la Granny Smith, liwe limetoka Afrika Kusini au Italia. Ikianza na 9 na kuwa na tarakimu tano, tunda limekuzwa kwa kilimo hai. Nchi husomwa pale tu stika inapoitaja kwa jina. Hata msimbopau haujibu: ukianza na 616 huonyesha kwamba kampuni imesajiliwa Kenya, kwa hiyo pakiti yenye 616 yaweza kuwa na zabibu za Misri.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwenye mzani. Matufaha yalifungwa kwenye trei, na lebo ya mzani ilitoa bei, uzito na tarehe tu. Mstari wa nchi ulikuwepo kwenye programu, mtupu. Tena matufaha ya nchi mbili yaliuzwa kwa namba moja ya mzani, ile inayobonyezwa kuita bidhaa, hivyo hata mstari ungejazwa, nusu ya trei zingedanganya. Tuliagiza kila nchi ipewe namba yake, na mizigo miwili isichanganywe rafuni.

Meneja alisema kibao kilisahaulika tangu msimu uliopita. Niliamini. Ila mnunuzi alikuwa akilipia Afrika Kusini na kubeba Misri, na Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura ya 505, inahusu pia maelezo ya mahali bidhaa ilikozalishwa. Tulipiga picha ya kibao, katoni na hati kabla ya chochote kuguswa. Kisha vijana wa duka wakakata ubavu wa katoni wenye jina la nchi, wakautundika juu ya rundo. Mzigo mwingine ukiingia, unabadilishwa na wa katoni mpya.