Siku moja maishani mwangu: safu D

Saa 1:30 asubuhi. Friza inasoma nyuzi −80, haikupanda usiku. Natoa vichupa 38 vya seramu, yaani maji ya damu ya wagonjwa, na kuvizika kwenye barafu viyeyuke taratibu. Ukitaja utafiti wa saratani ya tezi ya thairoidi, watu huwaza darubini na ugunduzi. Kazi yenyewe ni barafu, kalamu isiyofutika na kuhesabu.

Seramu ikiyeyuka hujitenga, protini nyingi hubaki chini. Kila kichupa nakitikisa sekunde 10, kisha kinazungushwa kidogo kwenye sentrifuji. Ukiruka hatua hii, pipeti itanyonya maji ya juu na mgonjwa ataonekana hana kingamwili, zile protini za kinga tunazozitafuta.

Saa 3:00. Simu kutoka chumba cha upasuaji: tezi imetoka. Tunataka sampuli igande ndani ya dakika 30, kabla RNA, nakala za maagizo ya jeni, haijaoza, lakini mwanapatholojia ndiye anayekata kwanza. Ganda la uvimbe likichanwa ovyo, hataweza kusema kama seli zimelipenya, na katika uvimbe wa folikula, yaani wa vifuko vidogo vya tezi, kupenya huko ndiko kunakoamua kama ni saratani. Sisi tunapewa makombo, kipande kama punje ya mchele, kinachotumbukizwa kwenye naitrojeni ya majimaji.

Tezi ya leo ina pia ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi, hivyo imejaa limfositi, seli za kinga. Hapo DNA ya limfositi huizidi ile ya uvimbe, na BRAF V600E, badiliko la jeni linalopatikana kwenye saratani hii, linaweza kukosekana kwenye majibu ilhali lipo. Ndiyo maana baadaye tutakwangua kwa wembe, kwenye slaidi, eneo lile tu lililozungushiwa wino.

Saa 4:30, pleti ya vishimo 96. Tunapima kingamwili zinazoshambulia thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi ya thairoidi. Mgonjwa aliyetolewa tezi yote hufuatiliwa kwa thairoglobulini: ikipanda, huenda saratani imerudi. Kingamwili hizi huifunika protini hiyo hadi kipimo kisiishike, na jibu linashuka kwa uongo. Karibu robo ya wagonjwa wa saratani hii wanazo. Sifuri safi kwenye karatasi, bila kupima kingamwili katika sampuli ileile, siiamini hata kidogo.

Viwango vinane, yaani vimiminika vya kulinganishia ambavyo kiasi chake cha kingamwili kinajulikana, vinakaa nguzo ya 1 na ya 2, kimoja kila safu kutoka A hadi H. Vidhibiti viwili, sampuli za kuhakiki kipimo, vinachukua vishimo vinne. Zinabaki nafasi 76, sampuli 38 mara mbilimbili. Mikrolita 100 kila kishimo, saa moja ya kusubiri, kuosha mara tano, kimeng'enya kinachonasa kwenye kingamwili na kugeuza rangi, kuosha kilichobaki, halafu rangi: inageuka bluu, unaizima kwa asidi, inakuwa njano, unasoma kwenye nanomita 450.

Safu D yote ilikuwa njano iliyokolea, kana kwamba kila kishimo kimejaa kingamwili.

Simu ya mchambuzi wa takwimu ikaingia hapohapo: "Mbona bado? Si mashine ndiyo inafanya?" Mashine, ndiyo. Ya kuoshea ina pua nane, moja kwa kila safu, na pua ya D ilikuwa imeziba kwa chumvi ya maji ya kuoshea yaliyokaukia humo usiku. Kimeng'enya kikabaki kwenye vishimo 12. Kibaya zaidi, marudio ya kila sampuli yanakaa pembeni kwa pembeni, yote kwenye safu ileile, kwa hiyo tofauti kati yake ilikuwa chini ya asilimia 5. Yalikubaliana kwa sababu yaliharibika pamoja! Kilichotufichulia ni kiwango cha nne, kilichoruka juu ya mstari unaounganisha viwango vingine. Ingekuwa safu isiyo na kiwango, wagonjwa watano wangeingia kwenye jedwali wakiwa na kingamwili wasizonazo.

Mchana wote ukaishia hapo. Waya mwembamba wa kuzibulia puani, maji ya vuguvugu, kuosha pleti tupu yenye maji ya rangi, kuangalia kila kishimo kwenye mwanga. Mara ya kwanza pua ilidondosha tu, mara ya tatu ikatiririka. Miguu inauma na chakula sijui kilipita wapi.

Jioni, marudio ya zile sampuli tano yamepangwa upya, moja safu B na lingine safu G. Seramu zake zinatoka kwenye vichupa vya akiba, maana vya asubuhi vimeshayeyuka mara moja. Kabla ya kuzima mashine, mizunguko mitatu ya maji yaliyotoneshwa, na karatasi kwenye mfuniko: USIIACHE NA CHUMVI.