Uliomba anwani au tarakimu?

Siku ya nne leo, na swali la dada wa zamu ya usiku halijanitoka. Alisoma skripti yangu, yaani amri nilizoiandikia kompyuta, kimya, akashuka hadi mwisho, akapanda tena juu, ndipo akauliza: "Mdogo wangu, hapa uliomba anwani au uliomba tarakimu?"

"Anwani, dada," nikajibu haraka, mbele ya watu wote. Iliniuma.

Wiki hii tumehamia nyumba mpya na kaka amepata ile kazi, lakini kila nikilala narudi kwenye mstari uleule. Skripti ni ya PowerShell, lugha ya kuiamuru kompyuta: inachukua majina ya seva, inaiuliza DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao, kisha inabeba jibu la kwanza kwa [0], alama ya kuchukua cha kwanza. Jina likiwa na anwani mbili, inarudi orodha, na [0] ni anwani nzima. Likiwa na moja tu, hairudi orodha. Inarudi stringi moja peke yake, yaani mfuatano wa herufi, na [0] ya "192.0.2.10" ni herufi yake ya kwanza tu, "1". Basi, hiyo tu. Na nilikuwa nimehesabu majibu kwa Count, inayotaja idadi, nikapata 1, nikaridhika. Kumbe hata stringi iliyo peke yake huhesabiwa 1. Hiyo "1" nayo haikukataliwa popote, maana zana nyingi za mtandao huisoma kama 0.0.0.1. Huko hakukuwa na jibu, basi ripoti ikasema seva zimekufa, na zote zilikuwa hai.

"Uliomba anwani au uliomba tarakimu?"

Jana usiku nilikaa nayo tena. Nikalizungushia ombi lote @( ), ili jibu liwe orodha hata likiwa moja. Halafu nikajaribu jina lisilokuwepo, nikakuta jambo ambalo sikuambiwa na mtu: null, yaani alama ya "hakuna kitu", ikiwekwa ndani ya mabano hayo, nayo huhesabiwa 1. Kwa hiyo majibu matupu lazima yachujwe kwanza. Ilikuwa saa saba usiku, nikafurahi mpaka nikataka kumpigia dada simu.

Sasa nikilirudia swali lake, sikio linasimama kwenye "uliomba". Alitaka kujua nia yangu kabla ya kugusa kosa. Kesho nitamwonyesha ile null.

Mama alipiga jioni. Anasema goti limepona. Alipoinuka kufunga dirisha nilimsikia akiguna, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea kuongea.