Siku niliyokwama kwenye saini eksi

Nilipopewa darasa la advansi, yaani kidato cha tano na sita, mara ya kwanza nilikuwa nimeshafundisha hesabu madarasa ya chini miaka sita, na nisiseme uongo, nilijiona mkali. Mkuu wa taaluma aliponiita akaniambia muhula ujao hesabu ya juu ni yako, nilitoka ofisini natembea kama mtu aliyepandishwa cheo, wakati hata mshahara haukuguswa.

Likizo nzima nikaandaa notsi. Daftari kubwa, kalamu za rangi tatu, kila kanuni nimeinakili, vichwa vyote nimevipigia mstari kwa rula, yaani ukilifungua tu unasema huyu ndiye mwalimu. Ila maswali sikufanya hata moja kwa mkono wangu. Nilikuwa nayasoma, nachungulia jibu nyuma ya kitabu, natikisa kichwa, aa hii naielewa, napita. Sasa wewe uliyepewa advansi juzi na uko bize kupendezesha daftari, hapa nisikilize vizuri, maana mimi ndo nilipoanza kuharibu hapa hapa.

Wiki ya tatu tukafika kwenye limiti, yaani ile namba ambayo jibu linaisogelea. Ilikuwa Alhamisi, vipindi viwili mfululizo, wanafunzi kumi na tisa. Ubaoni nikaandika saini eksi, yaani sin x, saini ya pembe eksi, gawanya kwa eksi, eksi ikikaribia sifuri. Ukiweka sifuri moja kwa moja unapata sifuri juu ya sifuri, haina maana. Nikawaambia toeni kalkuleta, tafuteni saini ya 0.01 halafu mgawanye kwa 0.01. Nusu ya darasa wakapata 0.99998, nusu nyingine wakapata 0.01745. Nikawajibu wale wa pili bila hata kufikiri, "Nyie mmekosea, kalkuleta zenu ziko kwenye digrii, wekeni radiani, kile kipimo kingine cha pembe." Wakaweka, wote wakapata 0.99998, nikafurahi, tukasonga.

Kisha nikaleta silaha yangu. Kuna kanuni ya njia ya mkato inayoitwa ya de l'Hôpital, yule Mfaransa aliyeitoa kwenye kitabu chake cha mwaka 1696, unadifrensieti juu, yaani unatafuta kasi yake ya kubadilika, unadifrensieti chini, halafu ndo unaweka sifuri. Nikawasimulia na ka-umbea kake, kwamba aliyeigundua hasa ni Johann Bernoulli, ambaye de l'Hôpital alikuwa anamlipa hela amfundishe na ampe uvumbuzi wake, kwa hiyo jina likabaki la mwenye hela. Darasa likacheka na mimi nikacheka, nisijue kwamba nimesimama pale mbele na majibu ya watu wengine vile vile. Saini ukiidifrensieti unapata kosaini, eksi inakuwa moja, kosaini ya sifuri ni moja, jibu moja, kwisha kazi, nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Msichana mmoja wa dirishani, ambaye wiki zote tatu hajafungua mdomo, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, tulijuaje kwamba ukiidifrensieti saini unapata kosaini?"

Nikamwambia si mmeshasoma mwaka jana. Akasema ndio, ila mwaka jana tulipewa tu, jana usiku nimejaribu kuitoa mwenyewe kuanzia mwanzo, na katikati nikakwama kwenye hii hii saini eksi juu ya eksi, lazima ujue kwanza kwamba ni moja. Sasa mwalimu, tunatumia jibu kutafuta jibu?

Kimya. Nikageukia ubao kama vile kuna kitu nakisoma. Kijasho chembamba kikaanza kunishuka mgongoni maana nilielewa palepale kwamba yuko sahihi kabisa, huo ni mzunguko, umeegemeza ukuta kwenye kivuli chake, na daftari langu la rangi tatu halina msaada wowote. Kabla sijajikusanya akaongeza la pili: na zile digrii, zina kosa gani? Kalkuleta haijaharibika, kwa nini ile 0.01745 isiwe jibu?

Nikasema, "Swali zuri, hayo tutayaona mbele." Kengele ikaniokoa baada ya dakika kama kumi hivi, ndefu kuliko likizo yote.

Pale ofisini kulikuwa na madamu wa kemia, alianza kufundisha advansi mimi nikiwa bado nasoma. Akaniona nimekaa sishiki chai sishiki kalamu, akaniuliza kulikoni, nikamwaga yote.

"Sasa mdogo wangu, ulimwambia hujui?"

"Nimemwambia tutaliona mbele."

Akacheka sana. "Basi ameshajua hujui. Hao huwezi kuwapiga changa la macho, kila mmoja alikuwa wa kwanza darasani kwake huko alikotoka. Mficha uchi hazai. Haya, na mtihani wa mwaka jana umeshakaa ukaufanya, saa mezani?"

Nikanyamaza. Akaniangalia tu, akarudi kwenye madaftari yake anasahihisha.

Usiku ule nikaufanya. Masaa matatu yalipoisha nilikuwa nimebakiza maswali mawili, na moja kati ya niliyofanya lilikuwa limekosewa alama ya kutoa mstari wa pili, kosa ambalo watoto nawafokea. Nikachukua maki skimu nijisahihishe, ndo nikaona kitu ambacho miaka sita sikuwa nimekitilia maanani, maksi nyingi ziko kwenye hatua na jibu lenyewe limepewa maksi moja tu, na mimi kwa kujiona mjanja nilikuwa naruka hatua. Yaani mwalimu wa advansi angepata maksi za kawaida tu. Nikisema fanya mtihani mwenyewe kabla ya kuwapa watoto sikwambii kwa sababu imeandikwa kwenye semina fulani, nakwambia kwa sababu ile karatasi bado ninayo.

Saa sita usiku nikahamia kwenye swali la binti. Nikachora duara lenye nusu kipenyo cha moja, pembe eksi pale katikati, halafu maumbo matatu, pembetatu ndogo iliyo ndani, kipande cha duara kama kipande cha keki, na pembetatu kubwa inayotokeza nje. Maeneo yake ni nusu ya saini eksi, nusu ya eksi, na nusu ya tanjenti eksi, na ukiangalia tu mchoro unaona la kwanza ni dogo kuliko la pili na la pili ni dogo kuliko la tatu. Gawanya, pindua, unakuta saini eksi juu ya eksi imebanwa katikati ya kosaini eksi na moja. Eksi ikienda sifuri kosaini nayo inakwenda moja, iliyo katikati haina pa kukimbilia. Na hapo hapo swali la digrii likajifungua lenyewe, kile kipande cha keki kina eneo la nusu ya eksi kama tu pembe umeipima kwa radiani, ukipima kwa digrii inaingia pai gawanya kwa 180, ambayo ndo ile ile 0.01745. Kwa hiyo wale nusu ya darasa hawakukosea. Mimi ndiye niliyewaambia wamekosea.

Tulikutana tena Jumatatu. Nikaanza na, "Alhamisi kuna swali nililikwepa kwa sababu jibu sikuwa nalo, na kuna watu niliwaambia wamekosea wakati hawakukosea." Nilitegemea vicheko. Wakafungua madaftari tu, na wawili watatu waliokuwa wamelala nyuma wakajisogeza mbele. Tukatumia vipindi vyote viwili kwenye limiti moja, silabasi ikabaki nyuma, na ndiyo, nilikuja kulaumiwa kwenye kikao, nikafidia kwa kuacha kuwaimlisha zile notsi, nikatoa kopi nikawagawia, wiki nzima ikapatikana hapo.

Nilipomaliza mchoro nikageuka. Mkono wa dirishani uko juu.

"Mwalimu, eneo la hicho kipande tumelipata kutoka eneo la duara, ile pai ara skwea. Na hiyo tulijuaje?"

Darasa zima likaniangalia. Nikamwambia, "Sijui." Nikachukua chaki nikaliandika swali lake kwenye kona ya juu ya ubao, nikalizungushia boksi, nikamwambia wa zamu ya kufuta ubao asiliguse. Lilikaa pale wiki mbili.