Karafuu Hutiwa Mwisho

Juzi binti yangu alisimama pembeni ya meza ya sabuni, chupa zote tatu za mafuta ya harufu kazikumbatia, akaniuliza: "Mama, kwa nini karafuu unaitia mwisho kila mara?" Nikamjibu kitaalamu. Mafuta ya karafuu yamejaa yujinoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na yujinoli ikikutana na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, sabuni hukimbilia kuganda. Ukiitia mapema, mwiko unabaki humo humo. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndiye niliyebaki na swali, maana kanuni ile sikuisoma popote. Niliipokea kupitia dirishani, na aliyenipa hakuwa ameshika hata chupa moja.

Ilikuwa kaskazi, Mama yangu akiwa kwenye eda ya Baba. Ua wetu wa Ngamiani, Tanga, ulikuwa bado na mabenchi ya matanga yaliyoegemezwa ukutani. Miezi 4 na siku 10 mjane hajipambi wala hajitii manukato, na Mama aliishika eda yake bila kutafuta mwanya. Lakini kulikuwa na oda ya harusi ya Chumbageni, iliyopokelewa Baba akiwa mzima: miche ya sabuni ya kutia kwenye sanduku la bibi harusi na mingine ya kuwagawia wageni wa kike. Arubuni ilishalipwa, na ilishatumika kwenye msiba.

Wakubwa wakajadiliana. Shangazi aliona oda irudishwe na deni lilipwe pole pole. Jirani mmoja mtu mzima akasema harufu ya biashara si harufu ya kujipaka. Mama aliwasikiliza wote, kisha akasema: "Sitashika, na sitanusa. Mtoto atachanganya, mimi nitamwambia." Sabuni yake mwenyewe ya kuogea tulishampikia kando, nazi tupu, haina harufu ya kitu.

Kupika nilikuwa najua. Kilo moja ya mafuta ya nazi huitaka kostiki karibu gramu 180, wakati mawese hutosheka na kama gramu 140, na Mama alizoea kupunguza kidogo chini ya hapo ili sabuni isikaushe ngozi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Sufuria ya aluminiamu haikaribii, kwa sababu inaliwa na kostiki. Tulitumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mbao. Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo pwani yetu hii haijawahi kukosa wateja. Hayo yote mikono yangu iliyajua. Harufu ndiyo ilikuwa ya Mama peke yake. Alikuwa akitia bila kupima, akijifungia jikoni, na sisi tunaitwa kazi ikishakwisha.

Siku ile akavuta kiti hadi dirishani, kwa ndani, pazia likiwa limeteremshwa. Mimi uani. Akaniambia nichane karatasi ya daftari vipande vyembamba, nidondoshee tone moja moja, kila mafuta na karatasi yake.

"Anza na la chungwa."

Mama wa bibi harusi alikuwa ametaka chungwa. Kwao ni Muheza, na mtu wa Muheza humwambii kitu kuhusu machungwa. Nikanusa. "Linanukia vizuri," nikasema.

"Usiniambie linanukia. Kila kilichomo humo kinanukia. Niambie linakaa wapi."

"Wapi kivipi, Mama?"

"Puani mbele, au linashuka?"

Nikanusa tena, nimefumba macho. Lilikuwa mbele kabisa, kwenye ncha, halikushuka hata kidogo. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Haya, la pili." Mchaichai ulikuwa mbele pia, lakini ulikaza, haukutaka kuondoka. Mlangilangi, mafuta ya lile ua la manjano, ulikuwa katikati, mzito, mtamu hadi unachosha, na nilipoanza kusema unanikumbusha kikuba cha harusi ya dada akanikatiza: "Kukumbuka baadaye. Unakaa wapi?" Sijawahi kunusa kwa bidii kiasi kile. Kichwa kilianza kuniuma, na kila nilipotaja mahali alikaa kimya akifikiri, kisha anauliza jingine. Unatangulia upi? Upi unafunika mwenzake? Ukizishika karatasi mbili pamoja, ipi inazama?

Ya mwisho ilikuwa karafuu. Ilikuwa chupa aliyoileta Baba kutoka Pemba, mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ya kiwanda cha Wawi, safari yake ya mwisho ya jahazi kutoka Wete. Nikanusa. Ilishuka moja kwa moja.

"Kooni," nikasema. "Na inaendelea kushuka."

Safari hii alikaa kimya zaidi. "Hiyo naijua," akasema. "Weka."

Akaniambia nizianike karatasi zote kwenye kamba, nisizishike mpaka baada ya Alasiri. Nilipozirudia, ile ya chungwa ilikuwa karatasi tu. Nikaigeuza huku na huku, nikaisogeza hadi puani, hakuna. Nyingine tatu zilikuwepo. Nikamwambia. "Chungwa ni mgeni wa mchana," akasema, "halilali." Kwenye sabuni, inayokaa rafuni wiki 4 au zaidi ikikomaa, lingekuwa limeshaondoka kabla sanduku halijafungwa. Akaamua tulitoe, mama wa bibi harusi ataelezwa. Kwa kila kilo ya mafuta akanipimia kwa mdomo: mchaichai gramu 15, mlangilangi gramu 8, karafuu gramu 3 zisizidi, maana karafuu ikizidi inawasha ngozi, na sabuni yenyewe inaingia ukahawia.

Nikapika. Mchanganyiko uliposhika uji nikatia mchaichai, nikatia mlangilangi, nikakoroga. "Karafuu mwisho," akasema kutoka nyuma ya pazia, "na kisanduku cha kumiminia kiwe tayari mguuni kwako." Nikaitia. Mzunguko wa kwanza mwiko ulikwenda kama kawaida. Wa pili ukawa mzito. Mimi bado nilikuwa natazama rangi, iliyokuwa ikigeuka kutoka maziwa kwenda manjano, nilipomsikia: "Mimina! Mimina sasa, sauti imebadilika." Alikuwa anausikiliza mwiko. Nikainua ndoo nikamimina, na mabaki ya chini nikayapangusa kwa mkono wenye glavu, tayari yana mabonge. Kisanduku kikajaa vizuri, nikalainisha juu.

Ndipo harufu ikainuka. Sabuni ikiwa ya moto kwenye kisanduku hutoa harufu kuliko itakavyotoa maisha yake yote, na ua wetu ni mdogo. Ilijaa uani, ikapanda ukutani, ikalisukuma pazia pamoja na upepo wa kaskazi. Shangazi akanyanyuka kitandani alikokuwa ameketi. "Wifi, nifunge dirisha?"

"Acha," Mama akasema. "Joto."

Sabuni zilikomaa, zikafungwa kwa karatasi za rangi, zikapelekwa Chumbageni. Mama wa bibi harusi aliulizia chungwa lake, akaelezwa, hakufurahi sana, akamalizia malipo. Deni letu likaisha.

Sijui kama kuna aliyevunja kitu siku ile. Shangazi anaamini dirisha lilistahili kufungwa, na anasema hivyo kwa heshima, kwa sababu anampenda wifi yake. Mimi naona hewa ilikuwa ya wote, na joto lilikuwepo kweli. Kisha nakumbuka ile chupa ilitoka wapi, na sina tena uhakika na ninachokiona.

Eda ilipokwisha, baada ya kuoga na kubadili nguo, jambo la kwanza Mama aliloliomba ni mche mmoja wa sabuni ile. Nilikuwa nimeuweka kabatini, umefungwa kwenye khanga. Akaunusa upande mmoja, akaugeuza, akaunusa upande wa pili, akakwaruza pembeni kwa ukucha akanusa tena.

"Mlangilangi umeshuka," akasema. "Siku ile ulikuwa juu zaidi."

Shangazi alikuwepo. Tulitazamana, na hakuna aliyemuuliza Mama siku ile ameijuaje. Tangu hapo mlangilangi naongeza gramu 2 kwa kilo, na kila mara namletea mche wa kwanza aujaribu. Bado anasema haujafika.