Koki ya nje ya ukuta

Kisima changu kina mita 70 na maji yake yana chumvi kidogo. Hayafai chai, lakini kufua, kuoga na kudeki hayana neno. Nilikichimba mwaka 2020 hapa Segerea, Dar es Salaam, kwa mafao ya marehemu mume wangu na mkopo wa kikoba, jumla milioni sita na ushei. Habari ya deni naitaja mapema kwa sababu mtu akisikia mwenzake anatoa, hudhani amejaliwa. Mimi nilikuwa nadaiwa.

Mwaka 2022 mvua za vuli zilikawia, Mto Ruvu ukanywea, na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inakunywa maji ya mto huo, kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa hiyo mto ukipungua hakuna wa kumcheka mwenzake. Oktoba ile watu waliamka saa nane za usiku kusikilizia bomba kama limeanza kukohoa. Kwangu foleni ilianza alfajiri. Ndoo ya lita 20 niliyokuwa nauza 200 nikaipandisha ikawa 500, na wala sikuona aibu, maana wapo waliokuwa wanauza 1,000.

Jioni moja akaja mtoto wa darasa la pili au la tatu, na dumu la lita tano na sarafu ya mia.

“Shikamoo bibi. Mama anasema umpe ya mia, nyingine ataleta kesho.”

“Marahaba. Mwambie mama ndoo mia tano, na dumu lako hilo mia mbili.”

“Haya bibi.”

Hakulia, hakubembeleza. Aligeuka akaondoka, dumu likimgonga goti kila hatua. Nilikula ugali wangu vizuri tu. Baadaye, naosha chungu, ndipo likanijia lile goti.

Nikachukua ndoo, nikajitwisha, nikaenda. Ni nyumba ya tatu, ile yenye uzio wa mabati. Nikamkuta mama yake uani anafua nepi. Ndoo nusu ya maji iko pembeni yake, na ladha ya chumvi ile naijua. Yalikuwa maji ya kwangu. Kumbe mama muuza vitumbua wa pale kona alikuwa amenunua ndoo kwangu asubuhi kwa mia tano, akammegea jirani yake nusu. Nilisimama na ndoo kichwani, sijui niiweke wapi.

Usiku nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga zamani. Pampu yangu inajaza simtanki la lita 2,000 kwa uniti moja na nusu hivi ya LUKU, na uniti ni kama shilingi 350. Simtanki moja ni ndoo 100. Maana yake umeme wa ndoo 100 unanigharimu karibu bei ya ndoo moja niliyokuwa nauza. Sawa, kuna deni la kuchimba, kuna pampu kuchakaa, siku moja itaungua. Lakini hata ukiyajumlisha yote hayo, mia tano haitokei popote.

Na mimi si mtu wa kukaa nyuma kanisani. Bahasha yangu ya ahadi haijawahi kuchelewa. Siku ya mavuno ndiyo usiniambie: mwaka ule ule, kwenye mnada pale nje ya kanisa, nilinunua jogoo kwa 60,000 kwa sababu mama mmoja wa kwaya alikuwa amefika 55,000. Nilipigiwa makofi na vigelegele. Yule jogoo alikuwa mgumu kama raba, lakini makofi yale nilikaa nayo wiki nzima. Mnada wa mavuno siukatai, na makanisa mengi yameezekwa kwa minada hiyo. Nasema tu kwamba nilijua kutoa watu wakiwa wanatazama, na kutoa kwingine nilikuwa sijajifunza.

Kesho yake nikatangaza: kila nyumba ndoo mbili bure, asubuhi na jioni. Nikanunua daftari, nikaweka kiti getini.

Wiki ile nilikuwa hakimu wa mtaa. Huyu ameshachukua, huyu si wa mtaa huu, huyu ana gari na bado anakinga ndoo. Kijana mmoja wa guta alikuja na madumu kumi akasema ametumwa na nyumba tano. Nikamfukuza, nina hakika alikwenda kuyauza. Dada mmoja alichukua maji siku tatu mfululizo bila kunisalimia. Siku ya nne nilimwambia maji yameisha, na tanki lilikuwa limejaa. Nilimdanganya mtu macho makavu kwa sababu hakusema asante. Hilo naliandika kwa taabu.

Binti yangu alikuja Jumapili kunitembelea, akaliona daftari.

“Mama, hili la nini?”

“La kujua nani kachukua.”

“Ukishajua?”

Sikuwa na jibu. Mstari nilikuwa naufahamu tangu kipaimara: “Bali wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume.” Siku zote niliuelewa kuwa ni habari ya kutojitangaza. Sikuwahi kuwaza kwamba mkono wa kushoto ungeweza kuwa umeshika daftari.

Jumatatu nikamwita fundi bomba. Nilimwambia atindue ukuta upande wa barabara, apitishe bomba la nusu inchi, aniwekee koki nje. Akanitazama. “Mama, watamaliza maji.” Nikamwambia ndiyo maana nataka simtanki la pili, kuukuu nililokuwa nalo nyuma ya choo, liwe la koki hiyo peke yake. Linajazwa mara mbili kwa siku, boya linakata lenyewe, likiisha limeisha mpaka jioni. Tanki la ndani la matumizi yangu haliguswi. Vifaa na ufundi vilikula 85,000. Hilo la matanki mawili namshauri yeyote mwenye kisima, kwa sababu tanki likiwa moja, siku ya kwanza likikukaukia utafunga koki kwa hasira.

Umeme wake ulikuwa kama 32,000 kwa mwezi. Nikaacha kulipia king'amuzi, nyingine nikaziba kwa kuuza maji ya dramu kwa wajenzi wa huku juu, bei ya kawaida. Nilimuuliza mchungaji wetu kama naweza kuihesabu LUKU hiyo kwenye fungu la kumi. Alicheka mpaka akavua miwani. “Mama, lipa LUKU. Na bahasha uilete.” Deni la kikoba nililimaliza kwa kuchelewa mwaka mzima, na faini juu.

Usidhani watu walishangilia. Siku mbili za kwanza hakuna aliyegusa. Maji ya bure, usiku na mchana, mwenyewe haonekani? Wakasema nautaka udiwani. Wengine wakasema ni maji ya kafara, atakayeyaoga nyota yake itachukuliwa. Aliyevunja maneno ni mzee mmoja anayeswali msikiti wa huko chini. Alikuja wakati wa alasiri, akafungua koki, akatawadha pale pale barabarani bila haraka, watu wanamwona. Kisha akanigongea geti.

“Mama, hii kwetu tunaita sadakatul jaria, sadaka isiyokatika.”

Nikamwambia na kwetu kipo kikombe cha maji ya baridi, kwenye Mathayo 10, ila haya yangu yana chumvi. Akasema chumvi Mungu ataitoa mwenyewe.

Novemba visima vya Kigamboni vikazinduliwa, mvua zikaja kidogo kidogo, na mgawo ukapungua. Koki sikuiondoa, kwa sababu huku kwetu bomba hukatika hata Ruvu ikiwa imefurika.

Kazi ngumu haikuwa pesa. Ilikuwa kulala kitandani usiku, nasikia maji yanaingia kwenye ndoo ya mtu nisiyemwona, na kujizuia kuhesabu. Ndoo inayojaa sauti yake hupanda, inakuwa nyembamba, halafu inakatika. Miezi ya mwanzo nilihesabu mpaka usingizi unanichukua. Kijana wa guta najua bado anakuja, tairi lake la nyuma linapiga kelele. Anapoyapeleka sijui. Yule dada pia sijui kama anachukua, na siku niliyokutana naye sokoni nilimsalimia mimi kwanza, akaitika, tukapishana.

Mwaka jana koki iliibiwa. Ilikuwa ya shaba, bila shaka iliishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Niliamka nikakuta maji yote ya tanki yamemwagika barabarani, tope hadi kwa muuza vitumbua, nikafunga bomba la ndani na kusema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilikuwa nimekwisha kuamua basi. Nilikaa siku mbili hivyo. Siku ya tatu asubuhi nikatoka kwenda jumuiya, nikaona kuna koki mpya ukutani, ya plastiki, ya bluu, imezungushiwa tepu nyeupe na kukazwa kwa nguvu nyingi mno kiasi kwamba mpini umepinda. Nikarudi ndani nikafungulia.

Inavuja kidogo hadi leo. Nimeweka karai chini yake, na kuku wa majirani wanakunywa hapo.